Mfarishi wa Kwanza Uanzie Pembeni

Jioni ya leo tuzungumze habari ya mfarishi, lile funiko linaloshonwa kwa vipande vya nguo, ambalo wengi wetu tunaliita blanketi la viraka. Nazungumza hasa na wewe ambaye hujawahi kushona hata mmoja. Unatamani, lakini umeambiwa kwamba kazi hiyo inataka cherehani ya umeme, meza pana, vitambaa vipya vya dukani na mwalimu wa kukusimamia. Mimi nasema mfarishi wa kwanza hauhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Unahitaji sindano, uzi, mkasi, nguo kuukuu na mahali pa kukaa penye mwanga.

Tuanze na hizo nguo. Pita kwenye baraza ya fundi yeyote saa ya kufunga kazi, utazame chini ya cherehani. Kuna lundo la pembe za vitenge, vipande vilivyokatwa shingoni na kwapani, mabaki ya sare za harusi, vijisehemu vya shati la mwanafunzi. Kesho asubuhi vitafagiliwa. Vichache vitatumika kufutia mafuta ya mashine, vingi vitachomwa pamoja na takataka. Ile ni pamba iliyolimwa, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, na mwenye gauni ameshailipia yote, pamoja na hicho kinachotupwa. Ukimwomba fundi kwa adabu, wengi watakupa bure, na watashukuru kupunguziwa kazi ya kufagia.

Sasa, mfarishi ni nini? Kwa kawaida ni tabaka tatu zilizoshikanishwa kwa uzi. Juu kuna uso, ndio huo wa viraka. Katikati kuna kitu cha kuleta joto. Chini kuna mgongo, kitambaa kimoja kizima. Ule uzi unaopita ukizishika tabaka zote tatu ndio unaoufanya mfarishi uwe mfarishi, kwa sababu bila huo, ukifua mara moja tu, cha katikati kinakusanyika upande mmoja kama mzigo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifu rangi na mpangilio wa viraka, msikilize, lakini wewe geuza mfarishi wenyewe uangalie mishono ya mgongoni. Hapo ndipo kazi ilipo.

Wako wanaodhani huu ni ufundi wa Wazungu. Hebu tukumbushane asili ya khanga. Inavyosimuliwa katika mwambao wetu, Zanzibar na Mombasa, katikati ya karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa, zimechapwa mfululizo kwenye jora. Wakakata urefu wa leso sita, wakaugawa nusu, tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata vazi pana la kujifunga. Wengine waliunga leso za aina mbalimbali kwa kadiri ya macho yao. Wafanyabiashara walipoona mambo yamependeza, wakaagiza kitambaa kichapwe kizima kikiwa tayari na pindo na mji, yaani sehemu yake ya kati. Basi kabla khanga haijawa kitambaa kizima cha kiwandani, ilikuwa vipande vilivyoungwa kwa mikono ya bibi zetu.

Na ng'ambo ya bahari yetu hii hii kuna ndugu zetu wanaoshona hadi leo. Katika jimbo la Karnataka, India, wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi watu wanaoitwa Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa, na sehemu kubwa ya waliofika huko ilipitia Goa wakati wa Wareno. Lugha za mababu hawanazo tena. Wanasema Kikonkani na Kikannada. Wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Wanawake wao wanashona mfarishi unaoitwa kawandi, na huo ndio ninaotaka uushone wewe uwe wako wa kwanza. Nitakueleza kwa nini, lakini niieleze kwanza njia nyingine, ile inayofundishwa zaidi duniani, ili ulinganishe.

Njia hiyo ndiyo iliyoenea sana Marekani. Unakata miraba iliyolingana, unaiunga safu kwa safu, kisha unaunga safu zenyewe mpaka upate uso mzima. Halafu unatandaza mgongo, unaweka cha katikati, unalaza uso juu, unapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ndipo unashona tabaka zote pamoja. Mwisho unazungushia pindo. Ni njia nzuri sana na imetoa kazi za kustaajabisha. Ugumu wake kwa anayeanza uko kwenye hesabu. Tuseme unataka mfarishi wa mtoto wa inchi 36 kwa 36. Unakata miraba 81 ya inchi 4 na nusu, tisa kwa tisa, ukitenga robo inchi ya mshono kila upande, ili kila mraba ubaki inchi 4 kamili. Sasa mkono wako wa kujifunza unakula zaidi kidogo, sehemu moja ya kumi na sita ya inchi tu, karibu unene wa shilingi. Katika kila muungano kitambaa kimeliwa pande mbili, kwa hiyo umepoteza moja ya nane. Safu ya miraba tisa ina miungano minane. Nane mara moja ya nane ni inchi nzima. Safu ya pili ukiishona vizuri zaidi, kama ilivyo kawaida ya anayejifunza, itaizidi ya kwanza kwa inchi hiyo, na pembe za miraba hazitakutana tena. Hapo ndipo wengi huukunja uso wao wa viraka, wakauweka kabatini, na huko ukabaki.

Kawandi haina hesabu hiyo. Wanawake wa Kisiddi huchukua kitambaa kizima cha mgongo, aghalabu sari kuukuu, na kuanza pembeni. Wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake, wanakishona kwa mshono mwepesi wa kupenyeza sindano juu na chini, wanaweka kingine, wanaendelea kuuzunguka mfarishi wote, raundi baada ya raundi, wakisogea ndani, mpaka wanakutana na kati. Kuunga viraka, kushikanisha tabaka na kumaliza pindo, kazi tatu ambazo ile njia nyingine huzifanya kwa zamu, hapa zinafanyika kwa sindano moja na kwa wakati mmoja. Ukimaliza raundi ya kwanza tu, tayari ukingo umekamilika kabisa. Hii ni nguvu kubwa kwa moyo wa anayeanza. Hakuna mshono unaokosewa ukavuruga wa mwenzake, maana kila kiraka kinakatwa kufuata nafasi iliyobaki.

Chukua basi kalamu, au sikiliza tu, si ngumu.

Mgongo: khanga ya zamani iliyolainika, au shuka, ukate inchi 36 kwa 36 na kuongeza inchi moja kila upande kwa ajili ya kukunja. Usianze na mfarishi wa kitanda cha watu wazima, tafadhali. Wa mtoto unatosha kukufundisha kila kitu. Juu ya mgongo laza cha katikati, kikiwa kimepunguzwa kidogo ili ukingo usijae. Kunja pindo la mgongo kuelekea ndani, lishike kwa pini au bandi.

Sasa kaa kwenye pembe moja. Chukua kiraka cha kwanza, kunja pande zake mbili za nje, kilaze kikilingana sawasawa na pembe ya mgongo. Shona karibu kabisa na ukingo, sindano ipenye tabaka zote. Ukifika mwisho wa kiraka, usikate uzi. Chukua cha pili, kunja upande wake wa nje na ule unaopakana na cha kwanza, kilaze kikifunika ukingo mbichi wa kile cha kwanza kwa nusu inchi hivi, uendelee. Hivyo hivyo mpaka urudi ulikoanzia. Raundi ya pili pita ndani ya ile ya kwanza, ukiacha nafasi ya upana wa kidole. Ya tatu vivyo hivyo. Kiraka kikiishia, kingine kinaufunika ukingo wake. Katikati kabisa kitabaki kidirisha, nacho unakifunika kwa kiraka kimoja kilichokunjwa pande zote nne.

Hilo la kidole lina sababu. Mistari iliyokaribiana ndiyo inayozuia viraka visivimbe na kufumka, na ndiyo inayoupa mfarishi ule mguso wa mikunjo midogo midogo unaopendeza mkononi. Mishono yenyewe isikusumbue kwa udogo. Bora iwe mikubwa ya kulingana kuliko midogo ya kupishana. Uzi uwe wa pamba, mnene, na urefu wake usizidi dhiraa moja na nusu, maana uzi mrefu unajifunga mafundo na kuchakaa ukingali unaushonea. Vaa subana kidoleni, hasa siku za mwanzo, kwa sababu kusukuma sindano kwenye tabaka nne au tano za pamba kunaumiza.

Kila ukimaliza raundi, utandaze mfarishi kwenye mkeka, upige viganja kutoka pembeni kuelekea kati. Kitambaa kilichozidi kitasukumwa ndani, na ukiona kati kunatuna, ni dalili kwamba unavuta uzi kwa nguvu. Legeza mkono. Kile kilichotuna kikunje kidogo chini ya kiraka kinachofuata, kitapotea.

Katika pembe nne za kawandi Wasiddi huweka vipande vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, kimoja juu ya kingine, vinavyochomoza nje ya mfarishi. Wao huviita phula, yaani maua, na kwao mfarishi usio na maua ni kama uko uchi. Hayaongezi joto wala nguvu. Ninakusihi uyaweke hata hivyo, kwa heshima ya wenye kazi.

Nije kwenye vitambaa, maana hapa ndipo mfarishi unapoharibika kabla haujaanza. Vitambaa viwe vya jamii moja na uzito unaokaribiana. Pamba na pamba. Kiraka chepesi kikiungwa na jinzi, kile chepesi ndicho kitakachochanika. Mabaki ya fundi yamechanganyika, pamba na zile nguo za kung'aa zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli, kwa hiyo pima: vuta nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya sahani, uziwashie kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha jivu laini. Ile nyingine inayeyuka na kujikunja kuwa tone gumu jeusi. Yenye tone gumu weka kando, ina kazi nyingine.

Kisha fua. Khanga mpya ina wanga, na itarudi ikifuliwa. Kitenge kipya kina ugumu wake wa kiwandani. Ukishona kabla ya kufua, kiraka kimoja kitarudi zaidi ya mwenzake na uso mzima utajikunja. Nyekundu na nyeusi na buluu iliyokolea zioshe peke yake, ukitia ndani ya maji kipande cheupe. Kikitoka na rangi, rudia mpaka kitoke cheupe. Watu husema chumvi inashika rangi. Kwa vitambaa hivi vya kuchapwa usiitegemee, tegemea maji mengi na subira. Nguo kuukuu kwa hili ina faida kubwa, imeshafuliwa miaka, rangi iliyokuwa ya kutoka imekwisha kutoka. Lakini inua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha. Panapopenya mwanga kama chujio pamekwisha, pakate uache.

Na cha katikati? Wengi wataniuliza kuhusu sufi, kwa kuwa mito yetu ya pwani ilijazwa sufi tangu zamani. Sufi ni nyepesi na ina joto, lakini nyuzi zake ni fupi na zinateleza, haziwezi kushikana zenyewe, kwa hiyo ndani ya mfarishi zitakimbilia pembeni. Iache kwenye mto. Kwa anayeishi Tanga, Lamu au Dar es Salaam, katikati pa kawandi panatosha khanga nyingine kuukuu, au pasiwe na kitu kabisa. Viraka na mgongo vinatosha kwa alfajiri ya Julai. Kwa aliyeko Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, ambako Juni na Julai baridi inaingia mpaka mfupani, tumia blanketi jepesi lililochakaa. Limeshafumwa, halihami, na tayari unalo ndani.

Kama unataka kununua kitu kimoja, nunua kitambaa cha mgongo, ile pamba nzito isiyopaushwa tunayoiita marekani. Jina hilo lina historia ndefu. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, konsuli wao akafika Zanzibar mwaka 1837, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikaleta majora ya kitambaa hicho, kikavaliwa kutoka pwani mpaka bara. Pamba iliyotumika katika viwanda vya Massachusetts ililimwa kusini mwa nchi yao, na waliolima walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba ikakatika, na biashara hiyo ikayumba.

Nimeyataja hayo kwa sababu wazao wa wakulima hao wa pamba ndio waliokuja kutufundisha thamani ya nguo iliyochakaa. Kuna kijiji Alabama, kimezungukwa na mto pande tatu, kinaitwa Gee's Bend. Lilikuwa shamba la pamba na watumwa, na baada ya uhuru wengi walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na wakibeba jina la mwenye shamba, Pettway. Wanawake wa hapo walishona mifarishi ya kuzibia baridi, kwa suruali za kazi, mifuko na mashati yaliyofifia jua. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata vipande vipana, akazishona mfarishi wa kujifunika. Tazama picha yake utaona magoti yaliyopauka na vivuli vya mifuko iliyobanduliwa. Miaka sitini baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa Houston, kisha kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu.

Kwetu pia nguo za marehemu hugawiwa. Arobaini ikifika, au kulingana na mila ya nyumba, huyu anachukua kanzu, yule khanga. Daima hubaki chache ambazo hakuna anayezichukua: imepasuka, imefifia, haimfai mtu. Hizo zinazobaki ningeomba zisitupwe. Bibi aliyejifunga khanga ileile miaka ishirini ameilainisha kwa maisha yake. Ikatwe viraka, ashonewe mjukuu asiyewahi kumwona. Mjane anaweza kuanza raundi ya kwanza na binti zake wakaendeleza, kila mmoja upande wake, kwa kuwa kawandi inaweza kushonwa na mikono minne pande nne za mkeka. Hapo hapo mazungumzo yanapatikana ambayo pengine yasingeanza.

Fua mfarishi wako kwa mkono mara ya kwanza, usiukamue kwa kuusokota, ukandamize, uanike umelala juu ya kamba mbili ili uzito wa maji usivute mishono. Halafu utumie. Mfarishi wa kwanza una uzi uliopinda hapa na pale, na mtoto anayelala chini yake hahesabu mishono.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nimelihifadhi kwa kusudi. Huko Georgia, Marekani, alizaliwa mwanamke utumwani mwaka 1837, Harriet Powers. Baada ya uhuru alishona mfarishi wenye picha kumi na moja za habari za Biblia, akauonyesha mwaka 1886 katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliutaka, Powers akakataa kuuza. Mwaka 1891, hali ya nyumbani ilipokuwa ngumu, alimuuzia kwa dola tano, akiwa ameomba kumi. Kabla ya kuachana nao alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na mnunuzi akaiandika. Leo mfarishi huo umo katika jumba la makumbusho ya taifa, Washington, na tunamjua mshonaji kwa jina, tunajua alikusudia nini. Lakini katika majumba hayo hayo ya makumbusho imo mifarishi mingi, mizuri, ambayo kwenye kibandiko imeandikwa tu kwamba mshonaji hajulikani.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujalaza kile kiraka cha mwisho cha katikati, geuza mfarishi. Katika kona moja ya mgongo, kwa uzi wa rangi inayoonekana, shona jina lako, jina la mahali ulipo na mwaka. Na kama ndani yake umo mkono wa mama yako au khanga ya bibi yako, shona na jina lake.